Eedo, Nimekuweka Mwisho wa Mstari

Eedo,

Jana pampu ya kule Fafi ilijizima yenyewe. Naanza na hilo na salamu zitafuata, kwa sababu nakujua. Ungekuwa hapa ungeniuliza habari za pampu kabla hujaniuliza kama nimekula. Maji yaliposhuka kisimani ikazima, ikatulia, na yalipopanda tena ikajiwasha bila mtu kuigusa. Programu ni ile yako. Bodi inayoiendesha ni nyingine kabisa. Na katikati ya hayo mawili niko mimi, ambaye wiki hii nimetoka jasho ambalo hata joto la Garissa halijawahi kunitoa.

Assalamu alaykum, sasa. Ni mimi Hodan, binti wa kaka yako, yule uliyekuwa ukiwaambia wageni kwamba ana akili nyingi na subira ya mbuzi. Naandika kwa Kiswahili, ingawa shangazi yangu bado nakuita Eedo, na usishangae. Nyumbani tulisema Kisomali, lakini karakanani ulikikataza. Ulisema Mutua ni mtu wetu, na si adabu tucheke mezani naye hajui tunacheka nini. Basi kazi yetu yote ilikuwa Kiswahili, na nikikumbuka sauti yako juu ya kibodi naikumbuka kwa Kiswahili chako kile kilichogeuza kila p ikawa b. "Bole bole, Hodan. Soma mbaka mwisho." Siku hizo nilikuwa nakuiga nikiwa na wenzangu na kuchekesha watu. Sasa nikimsikia mama yeyote sokoni akisema bole bole, nasimama.

Tangu tukuzike imepita mvua moja, na haikuwa ya maana. Meza yako iko palepale dirishani. Mutua hataki mtu akalie kiti chako, lakini anaona haya kusema, kwa hiyo amekijaza waya na bisibisi aonekane amekosa tu pa kuziweka. Miwani yako ya kusomea, ile uliyoifunga uzi, iko kwenye mkebe wa biskuti. Watu wameanza kuniita fundi. Zamani waliniita fundi wa Eedo, na wallahi nilipenda lile la zamani.

Sasa kisa chenyewe.

Bodi ya Fafi iliungua. Ile uliyoifunga wewe kwa mikono yako ndani ya sanduku la chuma, isome kina cha maji na kuzima pampu kabla haijaanza kuvuta hewa. Miaka yote ile haikutusumbua, kisha asubuhi moja Gedi, mlinzi wa kisima, akafungua sanduku akakuta harufu ya moto. Nikaagiza nyingine Nairobi. Wakaniambia aina ile haitengenezwi tena, wakanitumia mpya yenye chipu tofauti, zana zake nyingine za kujengea programu, na kitabu cha maelezo ambacho nusu nzima ni Kichina.

Huku kiangazi kimekaza. Gedi, Mungu ampe afya, akawa anafanya kazi ya bodi kwa mwili wake. Anateremsha kamba yenye uzito kisimani, anaipandisha, anaangalia palipolowa, anazima, anangoja, anawasha. Tangu alfajiri hadi magharibi, kila siku, mwanamume wa umri ule. Siku moja baada ya adhuhuri usingizi ukamchukua. Akaamshwa na mlio wa pampu inayovuta hewa. Aliiwahi, kisha akanipigia simu. "Hodan, mimi ni mtu moja," akaniambia. "Nikilala tena hii bampu inakufa. Na kutoka hapa mbaka mto ni siku mbili. Hizi mbuzi na watoto yake hawafiki."

Nikamwambia asubiri mpaka Ijumaa, nitakuja na bodi mpya na ndani yake programu ya Eedo yenyewe. Najua haifai kuapa kwa jina la mtu, na sikuapa. Lakini nililitaja jina lako, na yeye akasema sawa, kama ni ya Eedo yeye atangoja. Nilipokata simu nikaona nimejifunga kamba shingoni.

Maana ukweli unaujua. Miaka yote niliyokaa kando yako sikuwahi kuunganisha programu. Niliandika "jenga", nikabonyeza, nikaenda kuchukua chai. Ile faili yako fupi yenye jina hilo ndiyo iliyofanya kila kitu. Ulinishika mkono mara ngapi? Kaa hapa Hodan, fungua hii jenga, soma mstari kwa mstari. Siku moja itakataa na mimi sitakuwepo. Nami nikakujibu kwamba utaishi kutuzika sote. Ulicheka, lakini hukuacha kunitazama, na mtazamo ule ndio ulionirudia wiki hii.

Jumatatu nikaandika jenga. Ikakataa. Haikuzijua zana mpya, na zana mpya hazikuijua. Badala ya kuifungua niisome, nikaiweka kando nikaandika amri yangu mwenyewe kuanzia mwanzo. Kiburi, Eedo. Nilitaka niseme nimeifanya mwenyewe.

Kompaila ilipitia faili zote, ikazitafsiri kwa lugha ya chipu bila neno. Nikafurahi, mjinga mimi, nikamwita Mutua aje aone. Kisha ikaja zamu ya linka kuziunganisha, na skrini ikajaa makosa kutoka juu hadi chini, mistari inayokimbia hata huwezi kuisoma. Mutua akasema pole akarudi kwenye kiti chake. Mimi nikafanya nilivyozoea, nikaenda kwenye mstari wa mwisho, nikaanza kupambana nao. Nilipambana nao hadi adhuhuri. Niliporudi kutoka kuswali, nikiwa bado na maji usoni, ndipo nikakusikia. Ulikuwa ukiona makosa mengi unapanda juu kabisa, unaweka kidole chenye hina kwenye ule mstari wa kwanza, unasema, "Hii ndiyo mama. Hizo zingine zinalia kwa sababu yeye analia."

Nikapanda juu. Mama alikuwa anasema hivi: maktaba yako, ile faili moja uliyokusanya ndani yake kazi zote za kisima, imejengwa kwa ajili ya chipu nyingine, kwa hiyo nimeiruka. Basi. Mamia ya mistari, na sababu ni hiyo moja. Hapo nikaanza kuelewa kile ulichokuwa ukinieleza nikiwa naangalia simu. Kwamba kompaila anasoma kila faili peke yake na anakubali ahadi. Ukimwambia kuna kazi inaitwa soma_kina, iko mahali, anasema sawa na kuendelea. Linka ndiye anayekuja nyuma yake kuuliza huyo soma_kina yuko wapi hasa, amuunganishe na anayemwita. Asipompata anakataa kazi nzima. Wewe ulimpenda linka kwa hilo. Mimi nilikuwa namchukia kwa hilo hilo.

Ilibidi maktaba ijengwe upya kutoka kwenye maandishi yake ya asili, na maandishi ya asili sikuyaona. Nikafungua kompyuta yako, nikapekua kila mahali. Hakuna. Nilikaa sakafuni, Eedo. Niliona miaka yako yote imebaki ndani ya faili ambayo chipu mpya haiwezi hata kuisoma, na Gedi yuko kule na kamba yake. Mutua ndiye aliyeuliza kama nimeangalia kwenye mkebe wa miwani.

Chini ya miwani, ndani ya kipande cha shuka yako ya zamani, kulikuwa na flashi. Umeibandika karatasi na kuandika kwa mkono wako: KAMA BODI IKIBADILIKA.

Nililia. Nakwambia wazi kwa sababu Mutua naye alilia akasingizia vumbi. Ulikuwa mgonjwa tayari ulipoandika karatasi ile, herufi zenyewe zinaonyesha, mkono ulikuwa umeanza kuchoka. Na hukuniambia. Ulijua ningekwambia acha kuwaza mambo ya kuondoka.

Halafu nikafungua faili zenyewe, na hapo nikaacha kulia nikabaki mdomo wazi. Ulikuwa umetenga kila kitu kinachogusa chipu, ukakiweka katika faili moja peke yake. Kina, muda wa kusubiri, kuzima pampu, ujumbe kwa simu ya Gedi, yote yaliyobaki hayakujua chipu ni ya aina gani wala hayakujali. Ina maana mtu akibadilisha bodi anaandika upya faili moja tu. Wewe, uliyeanza kwa kutengeneza redio na simu kwenye kibanda cha sokoni, uliyejifunza programu ukiwa umeshavuka miaka arobaini kwa karatasi ulizochapisha na kuzipigia mistari usiku kucha hadi wino ukaisha, ulikuwa umepanga kazi yako kwa ajili ya bodi ambayo ilikuwa haijatengenezwa. Mimi niliyepita chuo kikuu nisingeliwaza. Na yale majina. Watu wa mjini walikushauri uyaandike kwa Kiingereza, ukakataa, ukayaita soma_kina na zima_pampu, ili Gedi akisomewa programu inayolinda kisima chake aelewe. Nilidhani ni ukaidi wa watu wazima. Ilikuwa heshima kwa Gedi.

Siku mbili nikaandika ile faili moja, kitabu cha Kichina upande huu, maandishi yako upande ule. Jumatano alasiri maktaba ikajengwa kwa chipu mpya. Nikaita linka tena.

Akasema soma_kina hamjui.

Mstari wa kwanza ule ule, jina lile lile. Nikaorodhesha majina yaliyomo ndani ya maktaba, na soma_kina yupo, namwona kwa macho yangu, jina sawa herufi kwa herufi. Nikajenga tena. Hamjui. Nikafuta yote nikaanza upya. Hamjui. Usiniulize nilisema nini kuhusu waliotengeneza zana zile na mji wanaotoka, maana nilistaghfiru baadaye. Hadi Alhamisi saa tano asubuhi nilikuwa bado niko hapo, kichwa kinagonga, nikihesabu saa za safari hadi Fafi. Gedi hakuwa amepiga simu. Kunyamaza kwake kulinitesa kuliko kama angepiga.

Mutua akavuta kiti chake. Si chako, chake. Akasema, "Tusomeane."

Unajua tulikuwa tumeacha? Tangu uondoke hakuna aliyethubutu. Ile desturi yako kwamba mtu akikwama haruhusiwi kuonyesha skrini, anaisoma amri yake kwa sauti, neno kwa neno, na mwenzake anakaa amegeuza uso anasikiliza tu. Tulikuwa tunaona ni mambo ya madrasa. Lakini sikuwa na kingine. Mutua akageukia dirisha, nikaanza kusoma. Jina la zana. Aina ya chipu. "Maktaba ya Eedo," nikasoma. "Halafu faili yangu ya mwanzo. Halafu faili ya ujumbe. Halafu..."

"Ngoja," Mutua akasema, bado anatazama nje. "Kwa nini Eedo ametangulia?"

Nikamjibu bila kufikiri, kama mtu aliyeulizwa kwa nini anavua viatu mlangoni. "Kwa sababu ndiye mkubwa."

Mutua aligeuka. Tukatazamana. Kisha nikafunika uso na shungi langu, nikacheka hadi mbavu zikauma, na sijui saa ngapi kicheko kiligeuka kilio.

Ndivyo nilivyofanya, Eedo. Hakuna mtu aliyenifundisha kuandika hivyo. Mkono wenyewe ulikuweka mbele, kama ulivyozoea kukupa kikombe cha kwanza cha shaah, ile chai yetu, kama tunavyosimama mlangoni hadi mkubwa apite. Ningewezaje kuandika jina lako nyuma ya vifaili vyangu? Lakini linka hana mkubwa. Anapita kwenye mstari mara moja, kutoka mwanzo hadi mwisho, na daftari la majina anayoyatafuta. Akifika kwenye maktaba anauliza, kuna ninayemhitaji humu? Nilipokuweka mbele, daftari lilikuwa tupu, maana bado hakuna aliyekuwa ameita chochote. Akakupita. Hakuchukua hata mtu mmoja. Kisha akafika kwenye faili zangu, zikaanza kulia soma_kina, soma_kina, na wewe alikuwa ameshakuacha nyuma, na linka harudi. Faili zenye shida ndizo zinazotakiwa kutangulia. Anayezisaidia anakuja nyuma yao.

Nikafungua jenga yako, hatimaye, nikaisoma mstari kwa mstari kama ulivyoniomba. Maktaba iko mwisho kabisa. Jibu lilikuwa hapo muda wote. Nimeliandika neno jenga maelfu ya mara na jibu lilikuwa chini ya kidole changu.

Na hapo nikakumbuka siku ile Fafi, siku tuliyofunga bodi ya kwanza. Wazee wa kamati ya maji walikuandalia maziwa ya ngamia, chombo cha kwanza chako, mgeni na mkubwa. Ulikuwa umeshinda juani tangu asubuhi na midomo yako imekauka. Akatokea mama mmoja na mbuzi wake, ametembea kutoka mbali, vumbi hadi kwenye kope. Ukakiondoa kile kibuyu mbele yako, ukasema, "Beleka kwa huyu kwanza. Mimi nabaki nyuma." Wazee hawakupenda. Mimi nilikasirika pia, niliona umejivunjia heshima mwenyewe. Njiani nikanuna hadi Bura. Wewe uliendesha pikapu yako kwa utulivu, ukaniuliza kama nimeona jinsi mama yule alivyokunywa. Hukusema zaidi ya hapo.

Nikalitoa jina lako mbele nikaliandika mwisho. Nikabonyeza.

Linka hakusema kitu. Alirudi tu kwenye mstari mtupu, kimya, kama ulivyokuwa ukipenda. Ulituambia kwamba kazi ikienda sawa yeye hana maneno. Mutua akasimama, akaondoa waya na bisibisi kwenye kiti chako, akakifuta kwa shati lake, kisha akavirudisha vyote palepale.

Jana, Ijumaa, tuliondoka baada ya alfajiri. Njiani tulisimamishwa kwenye vizuizi viwili, askari wa pili akataka kujua kisanduku ni cha nini. Mutua akamwambia ni cha kuzuia pampu isikauke, na yule askari akauliza kama kipo kingine cha kwao. Tulifika Gedi akiwa juu ya kisima na kamba mkononi. Amekonda, Eedo. Nikafunga bodi, nikashusha kipimo, na Mutua akakaza skrubu za mwisho. Gedi akawasha. Ng'ombe na mbuzi wakaanza kunywa, kisha ngamia, na sote watatu tukasimama tunatazama mashine kama watu wanaongoja mgonjwa azungumze. Maji yalishuka. Nilikuwa nasoma kila dua ninayoijua. Pampu ikazima.

Tukangoja. Maji yakapanda, ikawaka. Gedi akatazama simu yake, ujumbe umeingia, kwa maneno yako yale yale: maji yametosha, pampu imewashwa. Akaketi chini pale pale, akaanza kuikunja ile kamba taratibu, mzunguko kwa mzunguko, akaifunga fundo akanipa mimi. Akasema, "Mwambie Eedo yako nimelala leo." Kisha akajilaza kwenye kivuli cha tangi, kofia usoni, na kabla hatujamaliza kukusanya vifaa alikuwa anakoroma.

Basi nimekuambia. Kamba iko kwenye kiti chako, juu ya waya za Mutua.

Nakuahidi jambo moja. Katika karakana hii hakuna atakayeandika jenga tena bila kujua kilichomo ndani yake, nikianzia na mimi. Nimeshachukua daftari, nimeandika kila neno la ile faili na kazi yake, na penye mstari wa mwisho nimeandika kwa nini uko mwisho. Na flashi yako nimeirudisha chini ya miwani, na yangu kando yake, na karatasi yenye maneno yale yale.

Alle ha kuu naxariisto, Mungu akurehemu, Eedo yangu. Lala. Kila nitakachojenga kuanzia leo, walio na kiu watatangulia, na wewe utakuwa pale mwisho, ambapo kila anayekuita atakukuta.

Hodan, fundi wa Eedo